Walioingia Mnawatangaza, Waliotoka Nani Anawahesabu?

Fungua ripoti ya mwaka ya chama cha wafanyabiashara, chochote kile, utakuta aya ya wanachama inaanza kwa idadi ya waliojiunga. Ukumbi unapiga makofi, ajenda inasonga mbele. Mstari wa waliotoka mara nyingi haupo kabisa. Wahenga walisema pakacha likivuja ni nafuu kwa mchukuzi, na ni kweli katibu mwenye mialiko 200 ya kutuma hatalia sana ikipungua kumi. Ila chama kinalipwa kwa mzigo unaofika.

Chukulia chama kilichoanza mwaka na wanachama 200, kikaingiza wapya 50, kikafunga mwaka na 210. Kwenye mkutano mkuu huo ni ukuaji wa asilimia 5. Sasa toa wale wapya 50 kwenye 210: zinabaki 160. Maana yake kati ya watu 200 mliokuwa nao Januari, 40 wameondoka, na kiwango cha kubaki ni asilimia 80. Kanuni ni hiyo tu: wanachama wa mwisho wa mwaka, toa walioingia ndani ya mwaka, gawa kwa waliokuwapo mwanzoni.

Asilimia 80 inasikika vizuri mpaka uisogeze mbele miaka kadhaa. Ukiendelea kuingiza 50 kila mwaka na kupoteza asilimia 20, idadi itapanda taratibu kuelekea 250 kisha itakwama, kwa sababu asilimia 20 ya 250 ni 50. Mtakuwa mnakimbia mwaka mzima ili msimame palepale. Kufika 300 na kubaki hapo kwa njia ya kuingiza wapya peke yake kunadai watu 60 kila mwaka, bila kupumzika, katika mji ambao biashara zinazofaa kujiunga zina kikomo. Ndiyo maana vyama vingi husema "soko limejaa" wakati soko halijajaa. Wamegonga dari waliyoijenga wenyewe.

Kuna njia ya pili ya kuisoma namba hiyo. Gawa 1 kwa kiwango cha wanaoondoka, unapata wastani wa miaka ambayo mwanachama hukaa. Ukipoteza asilimia 20 kwa mwaka, wastani ni miaka 5. Ukipoteza asilimia 10, ni miaka 10. Kutoka 80 hadi 90 kunaonekana kama hatua ndogo, kumbe kumeongeza maradufu ada ambazo mwanachama mmoja ataleta maisha yake yote ya uanachama. Hapo ndipo pa kuanzia mtu anapopanga atumie kiasi gani kumtafuta mwanachama mpya.

Wastani lakini unaficha jambo kubwa zaidi, na hili ndilo ningelibandika ukutani kwa katibu: waliojiunga juzi huondoka kwa kiwango kikubwa kuliko wakongwe. Katika mfano wetu, tuseme kati ya wale 200, 45 walikuwa wamejiunga mwaka uliotangulia na ndio kwanza wanafikiwa na ankara ya pili. Wakiondoka 18 kati yao, kiwango chao cha kubaki ni asilimia 60. Wale wakongwe 155 wakipoteza 22, wao wako karibu asilimia 86. Chama kimoja, hali mbili tofauti kabisa. Ukifanikiwa kuinua kundi la mwaka wa kwanza kutoka asilimia 60 hadi 80, na usiguse kingine chochote, ile dari inapanda kwa wanachama kama 70. Hakuna kampeni ya kujiunga itakayokupa hao kwa gharama hiyo.

Rejista kwanza

Hesabu hizi hazina maana rejista ikiwa na wanachama hewa. Kila chama kinao: kampuni iliyofungwa zamani, mtu aliyelipa mara moja akapotea, jina lililoachwa kwa heshima ya mwenyekiti mstaafu. Wanabaki kwa sababu idadi kubwa inapendeza mbele ya wafadhili na wanasiasa. Madhara yake ni mawili. Kwanza, kiwango cha kubaki kinaonekana kizuri kwa uongo. Pili, mkutano mkuu unakosa akidi, kwa kuwa katiba inadai sehemu fulani ya wanachama na nusu yao hawapo duniani kibiashara.

Amueni kwa maandishi: mwanachama ni yule aliyelipa, au ambaye ankara yake haijapita siku 90 tangu tarehe ya mwisho. Siku ya 91 anaondolewa, na sababu inaandikwa pembeni ya jina lake. Sababu ziwe za aina mbili zisizochanganywa. Kuna wanaoondoka kwa jambo lisilo mikononi mwenu: biashara imefungwa, imeuzwa, imehamia mji mwingine, imeungana na nyingine. Halafu kuna walioamua kuondoka hali biashara yao ingali hai. Kundi la pili ndilo la kufanyiwa kazi. Ukiwachanganya, mwaka mbaya wa uchumi utaficha uzembe, na mwaka mzuri utakupa sifa zisizo zako.

Hesabu vichwa, kisha hesabu fedha. Chama chenye ngazi za ada kinaweza kuwa na wanachama 10 wakubwa wanaolipa mara kumi ya wadogo 190. Hao kumi ni asilimia 5 ya vichwa lakini ni zaidi ya theluthi moja ya ada zote. Wakiondoka wawili mmepoteza sawa na wadogo 20, na taarifa ya vichwa itaonyesha pengo la watu wawili.

Jambo jingine la rejista ambalo hupuuzwa ni kwamba mwanachama siyo mtu mmoja. Katika biashara yenye watu zaidi ya watano, anayehudhuria vikao ni mmoja, anayeidhinisha malipo ni mwingine, na anayelipa ankara ni wa tatu. Wekeni majina yote matatu, na simu zao. Chama kikimjua mhudhuriaji peke yake, siku akiacha kazi uanachama umekufa naye. Mrithi wake hajui kama kampuni ni mwanachama, na bosi anaona ankara ya kitu asichowahi kukisikia. Kuondoka kwa mhudhuriaji ni ishara ya hatari kubwa kuliko malalamiko, na dawa yake ni rahisi: ndani ya wiki moja, mwenye maamuzi apigiwe simu na kuulizwa nani anachukua nafasi.

Anayejiunga ananunua nini

Vyama hivi ni vya zamani. Marseille, Ufaransa, walikuwa na chao mwaka 1599, na wafanyabiashara wa Glasgow, Uskoti, walipata hati ya kifalme mwaka 1783. Tangu enzi hizo kuna utata uleule: sehemu kubwa ya kazi nzuri ya chama inamfaidi hata asiyelipa. Mkiishawishi mamlaka ishushe ada ya vibali, inashuka kwa wote. Mkipata taa za barabarani, zinammulikia na jirani aliyekataa kujiunga. Mwanauchumi wa Marekani Mancur Olson aliliweka jambo hili wazi mwaka 1965: katika kundi kubwa, mtu mwenye akili timamu ataacha wengine wagharamie jambo la wote, isipokuwa alazimishwe au kuwe na kitu anachokipata mlipaji peke yake.

Kwa anayekitangaza chama hii ina maana moja kali. Utetezi mbele ya serikali unajenga heshima, unastahili kutangazwa, lakini peke yake haumfanyi fundi wa majokofu atoe pesa mwaka wa tatu. Pembeni yake lazima kuwe na vitu vilivyofungwa kwa kufuli: kutambulishwa kwa wateja na wauzaji, nafasi katika orodha ya wanachama, bei za pamoja za bima au usafirishaji, mafunzo, usuluhishi wa migogoro, barua ya utambulisho ya kupelekwa benki. Mkutano ulio wazi kwa kila mtu, bei ileile kwa mwanachama na mgeni, huo ni mkutano mzuri na ni hoja ya kutolipa ada.

Kuna muundo mmoja unaostahili kuangaliwa kwa jicho la ufundi. Rotary ilipoanza Chicago mwaka 1905 kila mwanachama aliwakilisha taaluma yake peke yake, na vikundi vingi vya leo vya kupeana wateja vinafuata kanuni hiyo: fundi umeme mmoja, mwanasheria mmoja, mpiga picha mmoja. Kiti kinakuwa na thamani kwa sababu mwanachama akikiacha, mshindani wake atakikalia. Chama cha eneo zima hakiwezi kukataa fundi umeme wa pili, wala hakipaswi. Kinaweza hata hivyo kuunda ndani yake vikundi vya watu 20 hadi 25 kwa utaratibu huo. Chini ya 12 mazungumzo yanakauka, kwa kuwa wakikosekana wanne hakuna kikao. Zaidi ya 30 dakika za kila mmoja zinakwisha kabla hajasema anatafuta mteja wa namna gani.

Kutangaza bila kuahidi mbingu

Kipeperushi cha kawaida cha chama kina faida ishirini zimepangwa kwa nukta. Hakisomwi, na kikisomwa hakiaminiki. Mwenye duka la vipuri haulizi chama kinatoa nini. Anauliza watu wa aina yake wamepata nini. Andaa karatasi tatu au nne tofauti, kila moja ya aina moja ya biashara: rejareja, huduma za kitaalamu, mafundi na wajenzi, wazalishaji. Kila karatasi ibebe mfano mmoja wa kweli kwa ruhusa ya mhusika, jinsi alivyotumia chama, na siku na saa za shughuli zinazomfaa. Saa zina uzito. Mwenye duka hawezi kufunga saa nne asubuhi kuja kusikiliza hotuba, na mjenzi yuko eneo la kazi kuanzia alfajiri. Ukimuuzia uanachama ambao ratiba yake inamfungia nje, umempata kwa mwaka mmoja tu.

Kampeni za punguzo nazo zina tabia yake. Ukitangaza nusu ada kwa mwezi mmoja, fomu zitamiminika. Mwaka unaofuata ankara kamili inafika kwa mtu aliyeingia kwa sababu ya bei, na anatoka kwa sababu hiyohiyo. Kama lazima utoe kitu, acha ada ilivyo na ongeza muda: alipe miezi 12 apewe 14. Ankara ya pili inabaki na kiasi alichokizoea, na ninyi mmepata miezi miwili zaidi ya kumfanyia kazi. Mbaya kuliko punguzo ni kamisheni kwa anayesajili, ikilipwa yote siku ya usajili. Atasajili hata kioski kilichokwisha pakia virago. Lipa nusu siku hiyo, nusu nyingine mwanachama akihuisha uanachama, yaani akilipa ada ya mwaka wa pili.

Chanzo bora cha wapya ni wanachama walioridhika, na kosa ni kuwaomba kwa ujumla. "Tuleteeni wanachama" ni ombi lisilo na mwenyewe. Mwendee mtu mmoja na jina: "Wewe unanunua mbao kwa fulani, unaweza kunipa dakika kumi naye kabla ya mwisho wa wiki?" Ombi la namna hiyo linajibiwa ndiyo au hapana, na hapana pia ni jibu.

Fomu ya kujiunga iwe na swali moja ambalo fomu nyingi hazina: ni jambo gani moja likitokea ndani ya miezi 12 utaona ada yako imerudi? Nafasi ya mistari miwili, majibu kwa maneno yake mwenyewe. Wapo watakaoandika "wateja". Mpigie, mwulize wateja wa namna gani, ukubwa gani, eneo gani. Wapo watakaoandika kitu ambacho chama hakiwezi, mathalani zabuni ya serikali au mkopo wa haraka. Mwambie ukweli hapohapo, kabla hajalipa. Utapoteza baadhi. Hao ungewapoteza tu, ila wangeondoka wakisema wametapeliwa.

Siku 90

Hapa ndipo ningeweka muda mwingi kuliko mahali pengine pote. Mwanachama haondoki siku ya ankara. Aliondoka miezi mingi nyuma, alipokuja kikao cha kwanza, akakaa peke yake, akarudi dukani na kadi za biashara mfukoni alizokwenda nazo. Ankara inakuja tu kumkumbusha kutangaza uamuzi.

Siku ya kwanza: risiti na simu, ndani ya saa 24. Simu, siyo ujumbe wa kompyuta unaoanza na "Ndugu Mwanachama". Wiki ya kwanza: jina lake liingie kwenye orodha ya wanachama likiwa sahihi, kwa tahajia na anwani ileile anayotumia kwenye ramani za mtandaoni na kurasa zake nyingine, kwa sababu maelezo yanayopingana yanawachanganya wateja na yanadhoofisha nafasi yake kwenye utafutaji. Mwombe aikague mwenyewe. Makosa ya namba ya simu ni mengi kuliko unavyofikiri, na namba isiyo sahihi kwenye orodha ni mwaka mzima wa kutopigiwa.

Kabla ya siku ya 14 apate utambulisho wa watu wawili. Neno utambulisho limechakazwa, basi niseme ninachokusudia. Kumsimamisha mbele ya watu 80 ajieleze kwa nusu dakika hakutoshi. Wanaomsikia wako kwenye simu zao na anayeongea anatetemeka. Kazi inafanywa na ujumbe mfupi kwa watu wawili, wa namna hii:

"Habari za asubuhi nyote. Bwana wa kwanza anafanya usafi wa ofisi, ana wafanyakazi 14, na kazi zake ni za usiku. Bibi wa pili anasimamia majengo matatu, na mkataba wake wa usafi unaisha miezi miwili ijayo. Nimewaomba ruhusa kila mmoja kabla ya kuwaunganisha. Nawaachia uwanja."

Una sehemu nne: anachofanya mmoja kwa undani, anachohitaji mwingine, ruhusa iliyokwisha ombwa, na katibu kujiondoa. Ukikosa ruhusa, yule msimamizi wa majengo atajiona ametupiwa muuzaji, na mara ya pili hatajibu. Ukikosa undani, watajibizana "karibu sana" na mambo yataishia hapo. Baada ya siku kumi uliza kilichotokea na uandike jibu kwenye rejista. Rekodi hiyo utaihitaji wakati wa kuhuisha.

Kikao cha kwanza awe na mwenyeji, mwanachama wa kawaida mwenye mdomo mzuri, asiwe mwenyekiti; mwenyekiti siku hiyo ana watu arobaini wanaomtaka. Kazi ya mwenyeji ni kumpokea mlangoni, kumkutanisha na watu watatu, na kukaa naye. Meza ya wakongwe ndiyo adui wa kimya hapa. Marafiki wa miaka kumi hukaa pamoja bila nia mbaya, na mgeni anaiona ile meza kama ukuta. Pangeni viti kwa majina angalau kwenye nusu ya vikao.

Siku ya 60 simu nyingine, ya kusikiliza. Siku ya 90 kaa naye dakika 20 mkiwa na jibu lake la kwenye fomu mbele yenu. Limetokea? Limeanza kutokea? Kama bado, kuna miezi tisa ya kulifanyia kazi. Chama kinachofanya tathmini hiyo mwezi wa 11 hakina nafasi ya kurekebisha lolote.

Kundi la WhatsApp ni neema na balaa. Mwanachama mpya akiingizwa kwenye kundi la watu 200 lenye matangazo ya bidhaa, salamu za siku na mabishano ya mpira, atalizima sauti siku ya tatu, na kuanzia hapo hata tangazo la maana halimfikii. Tenganisha: kundi la matangazo ambako viongozi peke yao wanaandika, ujumbe usiozidi mitatu kwa wiki, na lingine la soga kwa wanaotaka.

Ukimya

Anayelalamika bado yumo. Amechukua muda wake kuwaambia kinachomkera, maana yake anatarajia mtabadilika. Wa kuogopwa ni aliyenyamaza. Kwenye lahajedwali (jedwali la kompyuta) la rejista ongeza safu moja tu: tarehe ya mara ya mwisho mwanachama kufanya jambo lolote, iwe kuhudhuria, kujibu ujumbe, kupiga simu kuuliza, kutumia huduma, kumleta mtu. Panga kwa tarehe hiyo, za zamani juu. Waliopita siku 90 ndio orodha yako ya simu ya wiki hii. Programu za kusimamia wanachama hutoa alama za ushiriki zenye uzani wa kila namna, na hazina ubaya, ila sijaona alama inayoshinda tarehe hiyo moja kwa chama cha watu mia chache.

Simu 10 kwa wiki zinawafikia wanachama 200 ndani ya wiki 20, kila mmoja zaidi ya mara mbili kwa mwaka. Ni kazi ya saa mbili au tatu kwa wiki, inayoweza kugawanywa kwa wajumbe watano wa kamati, wawili wawili kila mmoja. Wengi wataahidi na hawatapiga. Kwa hiyo majina yagawiwe kwa maandishi, na kikao cha kamati kianze kwa kila mjumbe kusoma alichosikia.

Angalizo: wapo wasiohudhuria chochote na wanalipa kila mwaka kabla ya tarehe. Mara nyingi ni makampuni makubwa yanayolipia utetezi au heshima ya jina. Ukiwasumbua kwa mialiko ya chai unawapa sababu ya kujiuliza wanalipia nini. Hao wapelekee ukurasa mmoja kila robo mwaka wenye mambo yaliyosimamiwa mbele ya mamlaka na yalipofikia.

Ankara

Kwanza uamuzi wa kalenda. Wote wakilipa tarehe moja, bajeti ni rahisi na mweka hazina anafurahi, lakini simu za ufuatiliaji zote zinaangukia mwezi mmoja na hakuna anayezimaliza. Kila mmoja akilipa kwenye tarehe aliyojiunga, kazi inasambaa: kwa wanachama 200 ni kama 17 kwa mwezi, idadi ambayo katibu mmoja anaweza kuzungumza nayo yote. Chama chenye mwajiriwa wa kudumu kichukue mfumo wa pili. Kinachoendeshwa kwa kujitolea kitaelemewa na ufuatiliaji wa mwezi kwa mwezi, bora tarehe moja, na wanaojiunga katikati ya mwaka walipe kwa uwiano wa miezi iliyobaki.

Barua ya kawaida inasema hivi: "Ndugu Mwanachama, husika na kichwa cha habari hapo juu. Unakumbushwa kulipa ada ya mwaka kabla ya tarehe ya mwisho. Kutolipa kutasababisha kufutiwa uanachama." Yote ni ya kweli, na hakuna hata neno moja la kumfanya mtu alipe.

Siku 60 kabla ya tarehe, tuma barua isiyo na ankara: "Ulipojiunga ulituambia unatafuta wanunuzi wa jumla. Tumekutambulisha kwa watu watano, na wawili ulituarifu kuwa wamenunua. Ulihudhuria mafunzo mawili. Suala la maegesho mbele ya duka lako tuliliwasilisha kwa mamlaka ya mji na bado halijajibiwa, tunalifuatilia. Ankara itakufikia mwezi ujao." Hilo la maegesho usiliondoe kwa aibu. Mwanachama anajua halijajibiwa, na akiona mmelitaja anajua kuna mtu analishikilia. Barua hii haiandikiki kama hukuandika kumbukumbu mwaka mzima, na vyama vinavyoiga maneno yake bila kumbukumbu huishia na sentensi tupu kuhusu "mtandao mpana".

Siku 30 kabla, ankara kwa mhasibu na nakala kwa mwenye maamuzi. Siku yenyewe, ujumbe mfupi. Siku ya 15 baadaye, simu. Siku ya 30, barua ya mwenyekiti. Siku ya 60 jina litoke kwenye orodha ya mtandaoni na huduma zisimame, mtu akiwa ameambiwa wiki moja kabla. Siku ya 91, aondolewe.

Kabla ya kumwita mtu mdaiwa sugu, kagua mambo ya kipuuzi, kwa sababu sehemu nzuri ya ucheleweshaji iko hapo. Ankara ilitumwa kwa barua pepe ya mtu aliyeacha kazi. Ilikosa namba ya oda ambayo mhasibu wa mteja anaidai. Jina la akaunti ya benki halifanani na jina la chama, malipo yakakataliwa. Ilifika baada ya bajeti ya kampuni kufungwa. Malipo ya kila mwezi yanayokatwa yenyewe husaidia biashara ndogo na huondoa ile siku moja ya kujiuliza, ila kadi zina tarehe ya mwisho. Mwanachama aliyeridhika anaweza kupotea kwa kadi iliyokwisha muda. Toa orodha ya kadi zinazokaribia kuisha kila mwezi.

Kupandisha ada: kidogo kila mwaka, kwa utaratibu uliopitishwa na mkutano mkuu, kuliko kukaa miaka sita kimya kisha kuongeza theluthi kwa mkupuo. Ongezeko kubwa linamlazimisha kila mwanachama aamue upya siku moja.

Anayeaga

Ukimuuliza kwa nini, atasema gharama au muda. Ni majibu ya adabu. Uliza ni lini wazo la kuacha lilimjia mara ya kwanza na nini kilikuwa kinaendelea wakati ule. Utasikia kikao fulani, ombi lisilojibiwa, uchaguzi ulioacha makundi, mjumbe wa kamati aliyechukua kazi yote ya chama kwa kampuni yake. Hiyo ya mwisho inaua vyama vingi na haimo kwenye takwimu yoyote. Viongozi wanaouza huduma kwa chama wajiondoe kwenye uamuzi, na manunuzi yatangazwe kwa wanachama wote.

Simu hiyo isipigwe na anayedai ada. Ipigwe na mtu asiye na la kuuza, na isimalizike kwa kumbembeleza. Aliyeondoka vizuri mpigie tena baada ya miezi sita ukiwa na jambo moja jipya linalohusu alichokosa. Anaijua njia tayari, na kumrudisha kunachukua muda mfupi kuliko kumweleza mgeni chama ni nini.

Kamati ipewe ukurasa mmoja kila mwezi: walioingia, walioondoka kwa kila moja ya sababu mbili, kiwango cha kubaki cha waliojiunga mwaka uliopita, majina ya walionyamaza zaidi ya siku 90, na simu zilizopigwa. Mtu mmoja mwenye jina awajibike nao, asiwe mweka hazina.

Mwisho ni makabidhiano, ambayo huharibu kazi ya miaka mitatu kwa wiki moja. Katibu anayetoka mara nyingi ana rejista kwenye kompyuta yake binafsi, kundi la WhatsApp kwenye simu yake, na neno la siri la tovuti kichwani. Barua pepe, tovuti, programu ya wanachama na laini ya simu viandikishwe kwa jina la chama tangu mwanzo, na wawepo wasimamizi wawili wakati wote. Katibu mpya akabidhiwe rejista siku ya uchaguzi, pamoja na orodha ya waliojiunga ndani ya siku 90 zilizopita na tarehe ya simu inayofuata ya kila mmoja wao.